Mauaji ya Mountain Meadows, 1857: maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu nani wa kumwamini

Tangu tamthilia ya American Primeval itoke Netflix Januari 2025 watu wameanza kuulizia hii stori, na kila anayeuliza anakuja na skrinshoti ya ukurasa mmoja unaosema Brigham Young, mkuu wa Wamormoni wakati ule, aliamuru na mwingine unaosema hakujua kitu kabisa, afu anataka aambiwe upi ni wa kweli. Hapa nimejibu yale yanayojirudia. Sio historia nzima, ni namna ya kupima nani alisema nini, alisema lini, na alikuwa na kitu gani cha kuficha.

Kwa kifupi, kilitokea nini?

Msafara wa familia za wahamiaji, wengi wao kutoka Arkansas, ule unaoitwa Baker–Fancher, ulikuwa unapita Utah kuelekea California na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe pamoja na mifugo mingi sana. Walipopiga kambi Mountain Meadows, kusini magharibi mwa Utah, wakashambuliwa Jumatatu tarehe 7 Septemba 1857. Wakajizungushia magari wakakaa hapo wamezingirwa mpaka Ijumaa. Tarehe 11 John D. Lee, Mmormoni wa kule kusini mwa Utah, akaja na bendera nyeupe akawaahidi usalama kama watasalimisha silaha. Wakakubali. Wakatolewa kwa mpangilio, watoto wadogo na majeruhi kwenye magari mbele, wanawake na watoto wakubwa wakafuata, wanaume nyuma, kila mwanaume na mwanamgambo wa Kimormoni mwenye bunduki pembeni yake, afu amri ikatoka na wakauawa palepale. Watu kama 120. Watoto 17 wadogo ndo waliachwa, kwa hesabu kwamba hawajafikia umri wa kusimulia.

Hayo hakuna mwanahistoria anayeheshimika anayeyabishia, awe Mmormoni au sio. Ubishi upo kwenye nani aliamua, nani alijua na lini, na Wapaiute (wenyeji wa eneo lile) walihusika kiasi gani.

Netflix imeonyesha ukweli?

Tukio lipo kweli, mengine chukulia ni burudani. Kwenye tamthilia shambulio ni la ghafla na linaisha haraka wakati kiuhalisia kulikuwa na siku tano, na hizo siku tano ndo moyo wa kesi nzima maana kulikuwa na muda wa watu kukaa vikao, kutuma mjumbe, kubadili mawazo, na bado wakaua. Alafu wameisogeza Fort Bridger karibu na tukio kana kwamba ni jirani, kumbe iko mbali sana, Wyoming ya leo.

Ni kanisa lilelile la wale vijana wawili wawili wenye mashati meupe na vibao vya majina?

Ndio, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndo hao wanaoitwa Wamormoni, lenye memba mpaka kwetu Afrika Mashariki na hekalu Kinshasa tangu 2019. Lakini usimkamate mmisionari wa miaka 19 getini kwako ukamuuliza habari za 1857, mwonee huruma.

Kitu muhimu kujua ni kwamba Utah ya 1857 dini, serikali na jeshi vilikuwa mikononi mwa watu walewale. Brigham Young alikuwa rais wa kanisa, gavana wa eneo, na msimamizi wa mambo ya Wahindi Wekundu kwa niaba ya serikali ya Marekani. Isaac Haight wa Cedar City alikuwa rais wa kigingi (mkuu wa kanisa wa eneo lile) na pia meja wa wanamgambo. William Dame wa Parowan alikuwa kanali. Philip Klingensmith alikuwa askofu. Fikiria kesi ya kijijini ambapo mwenyekiti wa kijiji, mzee wa kanisa na mkuu wa mgambo ni mtu mmoja, afu yeye ndo anaandika ripoti kwa mkuu wa wilaya. Kwaiyo ukisikia «ripoti ya serikali ya mwaka 1857» usifikiri imeandikwa na mtu wa nje asiye na upande.

Si kanuni inasema chanzo cha mapema ndo cha kuaminika zaidi?

Hii kanuni watu wanaipenda sana na kwa kawaida inasaidia, ila hapa inakupeleka shimoni. Za mapema kutoka ndani ya Utah ndo za uongo, tena uongo wa makusudi.

Angalia barua ya John D. Lee kwa Brigham Young ya tarehe 20 Novemba 1857. Imeandikwa miezi miwili tu baada ya tukio, na mtu aliyekuwepo, kwenye kazi yake rasmi ya kusimamia kilimo cha Wahindi Wekundu. Kwa vigezo vya darasani hiyo ni chanzo namba moja. Inasema Wahindi ndo waliwaua wale watu kwa hasira zao, na inasema ilikuwa kama tarehe 22 Septemba. Sasa Lee alikuwepo tarehe 11, tena akiwa na bendera mkononi, halafu anakosea kwa siku kumi na moja? Ripoti nyingine ya ndani, ya George A. Smith ya Agosti 1858, nayo inaita tukio vita ya wahamiaji na Wahindi na inaweka tarehe 21 hadi 25 Septemba. Makosa mawili yanayofanana hivo sio bahati mbaya, hiyo ni stori moja inayorithishwa. Na Young mwenyewe akaipeleka Washington Januari 1858 kwenye ripoti yake.

Magazeti ya California kwa upande mwingine, hasa Los Angeles Star Oktoba 1857, yalianza mapema kuwashuku Wamormoni. Yakapatia. Lakini yalipatia kwa kutegemea maneno ya wasafiri waliopita njia ileile na kusikia minong'ono, hawakuona mauaji, na California wakati ule kuwachukia Wamormoni ilikuwa kama salamu. Kwaiyo una ushahidi wa aliyekuwepo akidanganya, na uvumi wa asiyekuwepo ukigusa ukweli. Hapo kanuni ya tarehe haikusaidii, unahitaji kuuliza swali lingine: huyu anayesema anapoteza nini akisema hivi?

Ndo maana wanahistoria wanayapa uzito maneno ya watu kama Nephi Johnson. Alikuwa mkalimani siku ile, yeye mwenyewe alihusika, na viapo vyake vya maandishi vinavyotumika sana ni vya 1908 na 1909, yani nusu karne baadaye. Kwa tarehe ni dhaifu. Lakini alikuwa mzee wa kanisa hadi mwisho, hakuwa anauza kitabu, hakukuwa na kesi ya kumtisha, na alichosema kilimdhalilisha yeye na majirani zake. Hata hivo alijitahidi kupunguza sehemu yake, kama wote.

Ile barua ya Brigham Young kwamba «waacheni wapite», ni ya kweli?

Ni ya kweli kwa maana ya kwamba ipo na ni ya wakati ule. Haight alimtuma James Haslam kwa farasi kwenda Salt Lake City kuomba mwongozo. Aliondoka Cedar City tarehe 7, akafika tarehe 10, kama kilomita 400 hivi, akapewa jibu akageuza saa hiyohiyo. Alirudi tarehe 13. Watu walishakufa siku mbili kabla.

Karatasi yenyewe aliyobeba Haslam haipo tena. Kilichobaki ni nakala kwenye kitabu cha ofisi cha barua zilizotumwa, zile nakala za kukandamiza karatasi nyembamba yenye unyevu juu ya barua wino ukiwa mbichi. Ubora wa nakala za namna hii ni kwamba ziko kwa mfuatano ndani ya kitabu kimoja, kuchomeka barua katikati miaka kumi baadaye ni kazi kweli. Kwaiyo wanaosema ilitungwa baadaye wana mlima wa kupanda.

Ishu ni inasema nini. Inasema msiwaingilie wahamiaji. Pia inasema Wahindi tunategemea watafanya wanavyotaka, lakini ninyi jitahidini kuwa na uhusiano mzuri nao. Will Bagley (kitabu chake Blood of the Prophets kilitoka 2002) anaiona hiyo sentensi ya pili kama kukonyeza jicho. Wengine wanaisoma kama ilivyo, amri ya kuacha watu wapite. Mi naona yote mawili yanaweza kukaa kwenye barua moja, mtu anaweza kutotaka mauaji haya na bado akawa ameshawaambia wenyeji kwamba mifugo ya njia ya kusini ni yao, maana hilo la mifugo nalo lina chanzo chake: shajara ya Dimick Huntington, mkalimani wa Young, inayoeleza kikao cha tarehe 1 Septemba na machifu. Ni chanzo cha ndani, cha siku ileile, na hakimpendezeshi Young. Ila ruhusa ya kuchukua ng'ombe sio amri ya kuua watoto, na kutoka kikao kile hadi shambulio ni siku sita tu. Anayeruka moja kwa moja kutoka shajara hii hadi «Young aliamuru» kaongeza hatua ambazo karatasi haina.

Young alijua lini? Hapa ndo nachanganyikiwa.

Hapa ndo penye utamu, maana kikao kimoja kina watu watatu wanaokisimulia na hakuna wawili wanaokubaliana.

Wa kwanza ni Wilford Woodruff, mtume wa kanisa na mwandika shajara asiyechoka. Tarehe 29 Septemba 1857 anaandika kwamba Lee kafika Salt Lake City na habari ya kutisha ya damu, na anaeleza alichosema Lee kwa urefu: Wahindi wamewaua wahamiaji, wamepigana siku kadhaa, watu kama 150. Yani Lee alisimulia, Young alisikiliza, na Lee alidanganya.

Wa pili ni Young mwenyewe, kwenye maelezo ya kiapo ya 1875 wakati kesi ya kwanza ya Lee inaendelea. Anasema Lee alimjia miezi miwili mitatu baada ya tukio, alipoanza kueleza akamzuia kwa sababu alishasikia uvumi na hakutaka kuumizwa moyo na maelezo zaidi.

Wa tatu ni Lee kwenye maungamo yaliyochapishwa 1877, baada ya kifo chake. Yeye anasema alimwambia Young kila kitu, majina yote, na Young akaja kukubaliana na kilichofanyika.

Sasa pima. Young wa 1875 ni mzee, ana wanasheria, serikali kuu inamtafutia kosa, na alichosema kinapingana na shajara ya rafiki yake wa karibu, kwa tarehe na kwa kilichozungumzwa. Siku 18 sio miezi miwili mitatu. Hapo namwamini Woodruff, sio kwa sababu Woodruff ni malaika bali kwa sababu aliandika wakati uleule bila kujua kwamba siku moja itahitajika kuwa tofauti. Lee wa 1877 naye ni mtu anayesubiri kupigwa risasi, anaona kanisa limemtoa kafara peke yake (wenzake walioshtakiwa walikuwa nane na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani), na ana kila sababu ya kumburuta bwana mkubwa. Lakini pia shajara ya Woodruff inarekodi kilichosemwa mbele ya Woodruff. Haiwezi kukuambia kama Lee na Young walikaa wawili peke yao baadaye. Watu wengi wanaotumia shajara ile «kumsafisha» Young wanasahau hilo.

Na ni Woodruff huyohuyo anayetupa tukio la Mei 1861, Young alipotembelea kaburi pale mbugani. Askari wa Marekani walikuwa wamesimamisha msalaba wenye maneno ya Biblia kwamba kisasi ni changu, asema Bwana. Woodruff anaandika Young alisema ingepaswa kuwa kisasi ni changu na kidogo nimeshakichukua. Mtume hana sababu ya kumtungia nabii wake maneno ya namna hiyo. Familia moja ya kusini mwa Utah nayo ilirithishana simulizi kwamba Young aliinua mkono tu na wafuasi wake wakabomoa ule mnara wa kaburi. Hiyo ya mkono ni simulizi ya kifamilia, inapendeza kusimulia, iweke ngazi ya chini ya shajara.

Kitabu cha maungamo ya Lee, Mormonism Unveiled, nikiamini?

Kwa vipande. Lee alihukumiwa kwenye kesi ya pili 1876, akapigwa risasi palepale Mountain Meadows tarehe 23 Machi 1877, na kitabu kikatoka mwaka huohuo kikisimamiwa na wakili wake, William Bishop, ambaye alikuwa na maslahi ya kifedha kitabu kiuze. Kuna toleo jingine la maungamo ambalo lilipitia kwa mwendesha mashtaka Sumner Howard likaingia magazetini. Matoleo mawili hayafanani. Pale yanapokubaliana na pia yanakubaliana na mashahidi wengine, mfano mpangilio wa kuwatoa watu kambini, tembea nayo. Pale Bishop peke yake ana jambo, tena jambo ambalo msomaji wa mjini angelipa hela kulisoma, punguza mwendo. Na pale Lee anapojieleza yeye alivyolia na kupinga, sawa, kila mshiriki wa tukio hili alilia na kupinga ukisikiliza maelezo yake, hadi unajiuliza nani alibaki wa kuua.

Shajara za Lee za miaka mingine zipo na zimechapishwa, ni hazina kwelikweli. Ya msimu ule wa 1857 haipo.

Si kuna kumbukumbu za mahakama? Hizo lazima ni salama.

Ningependa iwe hivo. Kesi zilikuwa mbili, zote Beaver, Utah. Ya kwanza 1875, shahidi mkuu ni Klingensmith, yule askofu ambaye 1871 alikuwa ameshatoa hati ya kiapo akiwa Nevada, na juri (raia wanaoamua kama mtu ana hatia) ikagawanyika. Ya pili Septemba 1876, juri yote Wamormoni, ghafla mashahidi waliokuwa bubu wakapata sauti, na vidole vyote vikamwelekea Lee. Ulinganishe tu orodha ya nani anatajwa kesi ya kwanza na nani anatajwa ya pili, utaona ukimya umepangwa.

Lakini pia maneno yenyewe. Makarani waliandika kwa hatimkato, yani alama za mkato za kuandikia haraka, Adam Patterson na Josiah Rogerson, afu baadaye ndo zikageuzwa kuwa maandishi ya kawaida. Kwa zaidi ya karne watafiti walinukuu yale maandishi ya kawaida. Miaka ya 2000 mtaalamu wa hatimkato za zamani, LaJean Carruth, akarudi kwenye hatimkato zenyewe akakuta tofauti nyingi, maneno yameachwa, mengine yamebadilishwa, mengine hayamo kabisa kwenye hatimkato. Kwaiyo mtu akikunukulia ushahidi wa mahakamani mwulize ananukuu toleo gani. Kitabu cha kabla ya hapo kinaweza kuwa cha mwandishi mwaminifu kabisa na bado nukuu ikawa imeharibika njiani, kosa sio lake.

Vipi lile bamba la risasi lililookotwa, lenye maungamo ya Lee?

Mwaka 2002 kwenye ngome ya zamani pale Lees Ferry, Arizona, kipande cha madini ya risasi kiliokotwa wakati wa usafi, kimechorwa maneno na sahihi ya Lee, tarehe ya 1872, kikidai mauaji yalifanywa kwa amri ya Young. Magazeti yakashangilia. Wataalamu wa maandishi wakawa na mashaka makubwa, na leo hakuna mwanahistoria makini anayejengea hoja juu yake. Angalia pia jinsi linavyojibu kwa usahihi lile swali moja ambalo watu wamekuwa wakiuliza miaka 145. Nyaraka halisi huwa hazina adabu ya namna hiyo, zinaongelea mahindi na deni la nyumbu.

Utah walishaumwa na nyoka huyo. Mark Hofmann miaka ya 1980 aliuza nyaraka za kughushi za historia ya Wamormoni, akawadanganya kanisa na wataalamu, na alipoona atashikwa akatega mabomu Oktoba 1985 yakaua watu wawili Salt Lake City.

Mifupa inasema nini?

Mei 1859 meja James Carleton wa jeshi la Marekani alifika akakuta mifupa imetapakaa na nywele za wanawake zimenasa vichakani. Anasema walizika mifupa ya watu 34, wakarundika mawe juu. Carleton alikuwa anawachukia Wamormoni na hafichi, mapendekezo yake mwishoni ni makali hadi yanatisha. Lakini tofautisha alichoona kwa macho na alichopendekeza.

Agosti 1999, wakati wa kujenga mnara mpya, mashine ikachimbua kaburi lile. Shannon Novak na wenzake wakachunguza, wakahesabu angalau watu 28. Wanaume wengi wana matundu ya risasi kichwani, wanawake na watoto wengi wamepigwa na kitu butu, alama za visu au kuchunwa ngozi ya kichwa hazikuonekana. Hiyo inazigonga moja kwa moja zile simulizi za zamani za visu vya Wahindi. Uchunguzi ulikatishwa, gavana wa Utah akataka mifupa izikwe tena Septemba hiyohiyo. Mipaka yake uijue: ni kaburi moja, watu 28 kati ya 120, na mfupa haukuambii mkono ulioshika rungu ulikuwa wa nani.

Watoto waliopona walikuwa wadogo mno, ushahidi wao una maana?

Una maana, ila sio kwa kila kitu. Walirudishwa Arkansas 1859. Mtoto wa miaka minne hawezi kukuambia cheo cha kamanda. Anaweza kukuambia alilelewa nyumba ya nani, na nani alivaa nguo za mama yake, na kwenye hilo wamekuwa na msimamo. Sarah Baker alikuwa na miaka kama mitatu, alisimulia 1940 akiwa bibi kizee, kwamba alikuwa amepakatwa na baba yake risasi ikamuua baba na kumchana yeye sikio. Miaka 83 imepita hapo, na bila shaka amezisikia stori za ndugu zake na za magazeti hadi zimechanganyika na zake. Sikio lilibaki na alama.

Kuna jambo la hesabu pia. Wakazi wa kule walidai serikali iwalipe kwa «kuwakomboa» watoto kutoka kwa Wahindi. Jacob Forney, afisa wa serikali aliyewakusanya, akasema watoto hawakuwahi kukaa na Wahindi. Karatasi ya madai ya hela nayo ni chanzo, na mara nyingi inamfunga aliyeiandika.

Wapaiute walishiriki au walisingiziwa?

Karibu kila kilichoandikwa kuhusu wao kimeandikwa na wazungu waliokuwa na sababu ya kuwasukumia. Wamormoni waliwapachika kila kitu mwanzoni, baadaye wakawabebesha mauaji ya wanawake na watoto. Masimulizi ya Wapaiute wenyewe yalipuuzwa zaidi ya miaka mia moja. Baadhi yanasema walikaa pembeni tu, na wazungu walijipaka rangi wakajifanya wao. Kwamba wazungu walijipaka rangi kuna mashahidi wengine pia. Mashahidi Wamormoni wa baadaye, ambao hawakuwa tena na haja ya kudanganya kuhusu wao wenyewe, bado wanasema Wapaiute fulani walikuwepo na walipigana. Mi naona idadi za mamia zilizotajwa zamani zimevimbishwa, na kwamba mpango ulikuwa wa wazungu tokea mwanzo. Mwaka 2007 kanisa, kupitia Henry B. Eyring, lilieleza majuto hadharani, na likawataja Wapaiute kwa namna ya pekee kwamba walibebeshwa lawama isivyo haki.

Wahamiaji si walitia sumu kisima na kujisifu wameua nabii (Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa)?

Stori ya sumu ya Corn Creek, sehemu waliyopita njiani, ilitumika kuhalalisha mauaji. Forney alipoifuatilia 1859 hakuona msingi wake. Ng'ombe walikufa kweli na watu waliowachuna waliugua, na waandishi wa kitabu cha 2008 (Walker, Turley na Leonard, nitawaeleza chini) wanapendekeza kimeta, ambayo mfugaji yeyote wa huku ataielewa haraka kuliko profesa. Stori za matusi na majigambo zilikua kadiri miaka ilivyoenda, hiyo peke yake ni dalili. Na kuhusu mtume Parley Pratt kuuawa Arkansas Mei 1857, lilitokea kweli na lilichochea hasira, lakini wale wahamiaji hawakuwa na mkono humo.

Tarehe 11 Septemba, kuna uhusiano na 2001?

Hamna.

Kitabu cha mwandishi Mmormoni kinaaminika?

Juanita Brooks alikuwa Mmormoni wa kusini mwa Utah, mjukuu wa watu wa pale, na kitabu chake cha 1950 ndo kilivunja ukimya: wanamgambo walifanya, na kanisa lilificha. Alinyimwa kuona viapo fulani vilivyokuwa mikononi mwa uongozi wa kanisa, ambavyo vilikuja kuchapishwa 2009. Alitazamwa vibaya kwao lakini hakufukuzwa. Imani yake haikumzuia, na labda ndo iliyomfungulia milango, maana Nephi Johnson akiwa mgonjwa wa kufa 1919 alimwita yeye, mwalimu kijana, sio mwandishi wa gazeti.

Kitabu cha 2008 cha Walker, Turley na Leonard kimeandikwa na Wamormoni watatu, Turley akiwa mtumishi wa idara ya historia ya kanisa. Mgongano wa maslahi upo wazi. Pia waliona nyaraka ambazo wengine hawakuziona, na wakaweka lawama kwa viongozi wa kanisa wa kule kusini, Haight zaidi, huku wakikubali kwamba hotuba na sera za Young ziliandaa hewa ya vita. Bagley ana upande wake naye, anasoma kila shaka dhidi ya Young. Ukisoma mmoja umesoma mmoja. Soma Brooks kwanza, kisha hao wawili kwa pamoja, na kila wanapopingana fungua tanbihi uone wanapingana juu ya karatasi au juu ya namna ya kuisoma. Mara nyingi karatasi ni ileile.

Sina muda wa vitabu vitatu. Vidio ya YouTube nitaipimaje?

Sikiliza kama inamtaja Haslam na siku aliyorudi. Sikiliza kama inatofautisha kesi ya 1875 na ya 1876, maana anayesema «Lee alishtakiwa akahukumiwa» na kupita hajaigusa sehemu yenye maana. Angalia kama Haight anatajwa kabisa, vidio nyingi zina Young na Lee tu kana kwamba kati ya Salt Lake na mbuga ile kulikuwa hakuna mtu. Ikitumia Mormonism Unveiled, je inasema ni Bishop aliyechapisha? Na ikianza na picha ya lile bamba la risasi unaweza kuifunga. Ukitaka kuona nyaraka zenyewe za kesi, hatimkato zikiwa zimesomwa upya, zilichapishwa 2017 na University of Oklahoma Press. Zote ni Kiingereza, na ni nene.